Maji Yaliyokuwa Ndani ya Baba

Kabla baba hajalazwa, watu walimsifu kwamba amenona. Alipokwenda Nkubu kuuza ndizi, wanaume wa rika lake walimshika tumbo wakamwambia kahawa ya mwaka huu imemlipa vizuri. Baba alicheka pamoja nao. Mama alifumua suruali yake kiunoni akaongeza kipande cha kitambaa. Sisi nyumbani tulijua tu kwamba anachoka akipanda kutoka mtoni, na kwamba siku hizi hulala akiwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni, blanketi mabegani, kwa sababu akijinyoosha kitandani anahisi kama kuna mtu amemkalia kifuani. Tulidhani ni baridi ya mlima. Msimu ule ilikuwa kali, hata ng'ombe walikohoa.

Siku aliposhindwa kumaliza sala ya chakula kwa kukosa pumzi, mama hakusubiri amina. Alienda barabarani kumwita mwenye pikipiki.

Hospitalini walisema moyo wake umechoka na maji yamejaa mwilini. Mama alikuwa na ng'ombe na wadogo zangu wa kuangalia. Mimi ndiye kifungua mimba, nilimaliza darasa la nane na tangu hapo nafanya kazi ya shamba, kwa hivyo ilikuwa wazi ni nani atakayekaa na baba. Nililala kwa shangazi yangu anayekaa Kaaga, na kila asubuhi niliingia wadi ya wanaume kabla chai haijagawanywa.

Mimi si mtu wa kuongea mbele ya wageni. Mtu asiyeongea huangalia. Kwa siku zile zote, nilichoangalia zaidi ni kazi ya sista mmoja.

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vyeupe vya raba visivyotoa sauti. Baba alimuuliza ametoka wapi. Aliposema Embu, baba alijikaza akamwambia, kwa pumzi za kuazima, kwamba watu wa Embu wakipika uji hutia maji mengi kuliko unga. Sista alimjibu bila kuinua macho kwamba Wameru nao hutia unga mwingi mpaka wanashindwa kupumua. Jirani yetu wa kitanda cha pili, mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta, alicheka mpaka akashika mshono wake. Tangu hapo baba na sista walikuwa marafiki. Yeye alizungumza Kiembu kwao, sisi Kimeru kwetu, na katikati tulikutana kwa Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa upande wake.

Siku ya kwanza nilidhani ataanza na sindano. Hakuanza na chochote. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, akamtazama tu baba. Nilifikiri anangojea kitu. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ameshaanza kazi. Alikuwa akiangalia mabega yanavyopanda kila pumzi, anavyokata sentensi vipande vipande, midomo ina rangi gani, na kama anaweza kutulia au anahangaika kama mtu aliyepoteza kitu.

Kisha akauliza maswali ambayo sikutarajia kusikia hospitalini. Mzee, nyumbani unalalia mito mingapi? Ukiamka usiku, unaamka kwa mkojo au kwa kukosa hewa? Mshipi wa suruali unaufunga tundu lipi sasa, na mwaka jana ulikuwa tundu lipi? Viatu vya kanisani bado vinaingia? Baba alijibu yote, na kila jibu nilijua ni kweli, na kila jibu lilikuwa mbele ya macho yetu miezi yote ile. Sisi tulikuwa tumeona suruali. Yeye kwa suruali hiyo hiyo aliona moyo.

Halafu akainua kichwa cha kitanda kidogo, akamgeuza baba uso kuelekea ukutani, akainama ili mwanga wa dirisha uje kwa ubavu. Akaniita kwa kidole. Pale shingoni, chini ya sikio, palikuwa na mshipa uliovimba, ukitetemeka taratibu kama uzi unaovutwa na mtu aliye mbali. Akaniambia kwamba kwa mtu aliyeinuliwa hivyo mshipa ule haufai kuonekana juu kiasi kile. Damu inangojea kuingia moyoni kama watu wanavyojaa mlangoni kwa sababu chumba hakina nafasi.

Nilikuwa nimeishi na shingo ya baba maisha yangu yote. Nilikuwa nimebebwa juu yake.

Akashuka miguuni. Aliweka kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, akabonyeza, akangoja, akaondoa. Shimo lilibaki. Lilibaki pale kama alama ya kidole kwenye udongo uliotoka kunyeshewa, na sote watatu tukalitazama likijaa polepole. Akabonyeza juu zaidi, chini ya goti, kisha pajani, akitafuta maji yalikokomea. Mwisho akamgeuza baba ubavu na kumbonyeza mgongoni, chini kabisa, juu ya makalio. Nilishangaa. Akanieleza kwamba maji hayana ujanja, huenda mahali palipo chini. Anayesimama mchana kutwa huyapata miguuni, na anayekaa kitandani huyapata pale anapokalia. Jambo hilo nililijua. Kwetu tunamwagilia maji ya mfereji, na hakuna anayehitaji kuyaonyesha maji njia. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu naye ana miteremko.

Kila asubuhi alimpima uzito, baada ya kukojoa na kabla ya chai, kwa mzani ule ule, na gauni lile lile la hospitali. Baba alipotaka kupanda mzani na sweta, alimvua. Kilichotoka mwilini kilipimwa na kilichoingia kilipimwa. Baba aliruhusiwa kikombe cha chai asubuhi na maji kidogo ya kumezea dawa, na nilipewa mimi kazi ya kulinda chupa ya maji. Niliilinda kama mtu anayelinda mbegu.

Dawa ya kukojoa ilifanya kazi. Mimi ndiye niliyebeba chupa ya mkojo, najua. Lakini uzito haukushuka. Asubuhi moja ulishuka kidogo tukafurahi, kesho yake ukarudi ulikotoka. Daktari alipopita na wenzake alisimama kwa baba muda mrefu. Alisema dawa haiwezi kuongezwa tena hivi hivi kwa sababu figo zimeanza kulalamika, na kwamba ikiwa mambo hayatabadilika kufikia mwisho wa wiki watampeleka Nairobi.

Kwenye mlima wetu kuna wanaume waliopelekwa Nairobi kwa ajili ya moyo, na wote tuliwazika. Pengine walichelewa kupelekwa, sijui. Walipoondoka, baba alinishika mkono akaniambia kwa Kimeru kwamba asipelekwe. Akifa, afe mahali ambapo mtu akitoka nje anauona mlima.

Jioni ile sista alirudi akiwa na kile chombo cha kusikilizia kifua. Alimsikiliza baba mgongoni, chini kushoto, chini kulia, akapanda kidogo kidogo kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alinivika mimi chombo kile masikioni.

Mwanzoni nilisikia upepo tu, pumzi ya baba ikiingia na kutoka, kubwa kuliko alivyo. Kisha mwisho wa kila pumzi nikasikia vitu vidogo vikipasuka, vingi, laini, kama soda iliyomiminwa ukiiweka karibu na sikio. Sista akasogeza kile chombo mbele, chini ya titi la kushoto. Hapo nikausikia moyo wenyewe. Nilidhani moyo hupiga mara mbili mbili kama mtu anayetembea. Wa baba ulikuwa na hatua ya tatu, fupi, inayofuata nyuma. Sista aliniambia wao huuita mwendo wa farasi, lakini kwa kuwa mimi na yeye farasi hatujui, niufikirie kama punda mwenye mzigo anayekimbilia nyumbani.

Nilivua kile chombo nikamrudishia. Baba akauliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia kila kitu kiko pale.

Lakini sista hakuwa ananifurahisha tu. Alikuwa na fumbo. Alinieleza huku akikunja mpira wa chombo: asubuhi ile vile vitu vya kupasuka vilikuwa chini kabisa ya mgongo, na sasa jioni vimepanda hadi karibu na mabega. Jana vilevile, na juzi. Usiku baba hukauka, mchana hujaa. Akamgeukia. Hakusema kwa ukali.

"Mzee, kuna mahali yanaingilia. Mimi sijui ni wapi. Wewe unajua."

Baba aliapa kwamba hajui. Alitaja chai yake na maji yake ya dawa, na mimi nikaitikia kwa kichwa kwamba ni hayo tu. Yule wa Kangeta akasema labda mzee anamfyonzea dripu yeye akiwa amelala, maana siku hizi inaisha haraka. Sista hakumcheka wala hakumkemea. Alituuliza tu baada ya chakula cha mchana huwa kunatokea nini. Tukasema hakuna kitu, ni wageni tu.

Kesho yake wakati wa wageni hakuenda kula. Aliburuta kiti hadi karibu na dirisha, akaketi akikunja bandeji.

Wageni wa baba walikuwa wengi. Ni mtu wa watu, tena ni mzee wa kanisa. Waliingia wawili wawili kama kanuni ilivyotaka, wakatoka, wakaingia wengine, na karibu kila mama alikuwa na thamosi ya uji kwenye kikapu. Wa wimbi, wa mtama, uliochachushwa, wenye maziwa. Kwetu hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na uji ndio hubebwa. Aliyeuleta hujimiminia kidogo, akaonja mbele yako, ili uone hakuna kitu kibaya ndani. Kisha anakumiminia wewe. Akishaonja, ukikataa, umemwambia mbele ya watu kwamba humwamini mkono wake. Hilo halisahauliki. Kuna familia hazisalimiani mpaka leo kwa sababu ya kikombe kilichorudishwa kikiwa kimejaa.

Baba hakurudisha kikombe cha mtu. Alipokea kila kimoja kwa mikono miwili, akanywa nusu, mwenye uji akafurahi, akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na chupa yangu ya maji kifuani, nikilinda.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja mzee ambaye shamba lake linapakana na letu. Yeye na baba walikuwa hawajaongea kwa miaka mingi kwa ajili ya mpaka, mti uliong'olewa, maneno yaliyosemwa kwa chifu. Kuja kwake kule wadini, tangu alipoanza kuja, kulikuwa jambo kubwa kuliko ugonjwa. Alikuja karibu kila siku. Hakuongea mengi. Alionja, akamimina, na baba aliunywa wa kwake mpaka akaona chini ya kikombe.

Kengele ilipolia na wadi ikatulia, sista aliacha bandeji zake akaja kuketi ukingoni mwa kitanda. Kwa sauti ya chini alimuuliza baba amekunywa vikombe vingapi.

"Vya nini?"

"Vya uji, mzee."

Baba alimtazama kana kwamba ameulizwa amekula viazi vingapi. "Uji ni chakula, sista. Wewe ulisema maji."

Sista alifumba macho kidogo. Nilidhani ataanza kutugombeza, baba kwa kunywa na mimi kwa kusimama pale kama mlingoti. Badala yake alisema kwamba hata mama yake, kule Embu, angejibu hivyo hivyo, na kwamba kosa la kutouliza ni lake. Kisha akachukua kikombe cha baba kilichobaki na uji, akakipeleka juu kwenye mwanga wa dirisha. Akatuambia unga ni ule ulio chini. Kinachobaki chote, moyo unatakiwa kukibeba.

Nilitazama kile kikombe nikakumbuka sauti ya soda mgongoni mwa baba. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Lililobaki kufanywa lilikuwa gumu kuliko kujua chanzo. Sista alisema anaweza kubandika karatasi kitandani kwamba mgonjwa asipewe chochote, na askari wa mlangoni atazuia thamosi. Baba alikataa. Alikataa kwa kichwa kwanza, kisha kwa mkono, kisha akatafuta pumzi ya kusema. Alisema wengine watamsamehe, watasema ni sheria za hospitali. Lakini yule mama wa mpakani ameutembea mlima mzima kuja kuonja uji mbele yake. Akimrudishia kikombe, hata kwa karatasi, wataanza ugomvi upya, na safari hii watoto wataurithi. "Bora maji haya," alisema, na akagusa kifua chake.

Nilimtazama sista. Nilitaka aseme kitu cha kitabuni kitakachomshinda baba. Yeye akasugua kidole gumba kile kile cha kubonyezea. Halafu akauliza kwetu mzee asiye na meno, au aliyefunga kwa ajili ya maombi, akiletewa chakula cha heshima anafanyaje. Taratibu uso wa baba ukafunguka. Akasema babu yake alipokuwa hawezi tena kumeza, alikuwa akigusa kikombe kwa mdomo, kisha anampa mtoto wake anywe mbele ya mgeni. Mgeni aliridhika, kwa sababu koo la mtoto ni koo la baba.

Wote wawili wakanigeukia mimi. Hata wa Kangeta akainua kichwa.

Sikulala vizuri kwa shangazi. Kunywa uji si kazi. Kazi ilikuwa kwamba baba hakuwa na pumzi ya kueleza, na mtu akipewa kikombe cha mwingine bila maelezo, ni matusi yale yale. Ni lazima mtu aseme. Mtu huyo hakuwa sista, maana angekuwa mgeni anayetufundisha mila yetu.

Mchana ukafika. Wale wa kanisani walikuwa rahisi. Niliponong'ona, mmoja aliwaelezea wenzake. Kisha yule mama mzee akaingia peke yake, akaketi, akafungua thamosi, akaonja. Akamimina. Baba akapokea kwa mikono miwili, akagusa ukingo kwa midomo, akashusha kikombe mikononi mwangu.

Mama yule aliutazama mkono wa baba ukiwa mtupu.

Nilisema kwa Kimeru, na nakumbuka kila neno kwa sababu nilikuwa nimelirudia tangu alfajiri: "Mama, moyo wa baba hauwezi kubeba kitu cha kunywa, na uji wako hataki kuukosa. Ameniomba koo langu liwe lake."

Nikanywa. Ulikuwa mzito, uliochacha sawasawa, na nikaunywa bila kupumzika mpaka nikaona chini, kama baba alivyokuwa akifanya. Nilipokishusha kikombe yeye alikuwa bado ananitazama. Akakichukua, akakiinamisha kuhakikisha hakuna kitu, kisha akamwambia baba, si mimi:

"Kwa hivyo wewe unaugua, na huyu ndiye ananona."

Baba alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichokatika kwa kikohozi, lakini yule mama naye alikuwa akicheka, mkono mdomoni. Akanimiminia cha pili. Wa Kangeta alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, kwamba kitanda cha kando yake kikipatikana wanihifadhie mimi. Kwenye dirisha sista alikuwa amegeuka kutazama nje, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Jioni ile alimsikiliza baba mgongoni. Alipanda, akashuka, akarudi tena. Kisha akanivika kile chombo masikioni. Ile soda ilikuwa imebaki chini, kule ilikokuwa asubuhi.

Siku zilizofuata niliona kitu ambacho bado sijui nikieleze vipi. Niliona maji yakimtoka mtu. Kila asubuhi mzani ulisema kidogo, na kila asubuhi mwili ulisema zaidi. Ngozi ya muundi ilianza kukunjamana kama ya kiazi kilichokaa ghalani, na sista akaishangilia ile mikunjo kama watu wanavyoshangilia mvua. Kifundo cha mguu kilijitokeza, upande mmoja kwanza, kisha wa pili. Uso wa baba, ambao tulidhani ni uso wake, ulitoka taratibu ndani ya ule mwingine, mwembamba, mwenye mashavu ya babu. Kumbe tulikuwa tumemsahau alivyo. Daktari alipopita hakuitaja tena Nairobi. Alisema figo zimenyamaza. Alizungumza na wenzake kwa Kiingereza, na baba akaniuliza wamesema nini. Nikamwambia sijui, lakini wanatabasamu.

Asubuhi moja, baada ya mzani, sista alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, kama siku ya kwanza, akamtazama. Halafu akaondoa mto mmoja. Akangoja, akihesabu pumzi kwa saa yake ya kifuani. Baba alimtazama kwa wasiwasi, vidole vimeshika ukingo wa shuka. Akaondoa mwingine. Akaangalia shingo. Akashusha kichwa cha kitanda kwa mkono, taratibu, kidogo, akasimama, kidogo tena, mpaka kitanda kikawa sawa na baba akawa amelala chali kama watu wengine wanavyolala.

Kifua kilipanda, kikashuka. Hakuna mtu aliyemkalia.

Vidole vikaachia shuka. Macho ya baba yalitembea juu, kutoka kona hadi kona, pole pole, kama mtu aliyeingia nyumba ngeni.

"Sista," alisema, na sentensi aliimaliza yote kwa pumzi moja, "mbona hamkuniambia dari hii imepakwa rangi ya samawati?"